Serikali ya jimbo inataka kunilipa shamba langu liwe la bata MILELE, nisaini? (Minnesota)

MamaNeema_MN
Wakuu habari za wikendi, naomba mawazo yenu maana hapa nyumbani tumeshagawanyika. Mimi na mume wangu tuko Minnesota mwaka wa 14 huu, mimi nesi yeye anaendesha lori. Miaka minne iliyopita tulinunua ekari 40 huko magharibi ya jimbo, masaa matatu toka Minneapolis, wazo likiwa siku moja tujenge tufuge na mbuzi. Kwa sasa tumemkodishia mzungu jirani analima mahindi na soya. Shida kuna kama ekari 14 ziko bondeni, theluji ikiyeyuka maji yanatuama mpaka mwezi wa sita, mahindi yanaoza na jamaa kila mwaka analia nimpunguzie kodi.

Sasa mwezi uliopita akaja kijana wa ofisi ya udongo na maji ya kaunti, mstaarabu sana, akatuambia kuna mpango wa jimbo unaitwa Reinvest in Minnesota, wenyewe wanasema RIM. Serikali inakulipa hela mara moja, bonde linarudishwa kuwa bwawa na nyasi za asili kwa ajili ya bata na ndege na vipepeo, ardhi inabaki jina lako, ila hapo hulimi wala hujengi milele. Sio miaka kumi jamani, milele, mpaka wajukuu. Mkataba wenyewe wanauita izimenti. Mume wangu angekuwa na uwezo angesaini jana, ana nyumba Moshi imekwama kwenye lenta. Kaka yake kapigiwa simu kasema tumerogwa, shamba la watoto unampa bata. Mimi niko katikati. Kuna aliyepitia hili? Na hii hela inatoka wapi, isije ikawa mtego wa kuchukua ardhi kijanja.

Ngosha_wa_Fargo
Bata anapata shamba mimi benki wameninyima mkopo wa Corolla 😂 naweka kambi hapa

Fundi_Nyasi
Dada hela sio mtego, hela ni zako mwenyewe. Mwaka 2008 wananchi wa Minnesota walipiga kura ya kubadili katiba ya jimbo wakakubali wenyewe kuongezewa kodi ya mauzo, ndo maana Julai 2009 kodi ya jimbo ikatoka asilimia 6.5 ikawa 6.875. Ukinunua kitu cha dola 100 chenye kodi, senti kama 38 zinaenda kwenye hiyo mifuko wanayoita Legacy, na humo senti 12 hivi ni za makazi ya wanyama pori peke yake, zilizobaki ni maji safi, maeneo ya mapumziko na mambo ya sanaa. Kuna baraza la watu 12, wananchi 8 na wabunge 4, wanapendekeza hela iende wapi halafu bunge linapitisha. RIM yenyewe ni ya siku nyingi, toka 1986, iko chini ya bodi ya jimbo ya maji na udongo (Board of Water and Soil Resources), ila siku hizi inachota sana kwenye huo mfuko.

Na kwa nini wanahangaika na bonde lako: zamani huku kulikuwa na ekari milioni 18 za nyika, nyasi tupu mpaka macho yanachoka, leo imebaki kama asilimia moja. Kwingine ni mahindi na soya. Mimi nafanya kazi kwenye kampuni ya kupanda hizo nyasi kwa hiyo nayaona kila siku. Shamba lako linatota kwa sababu lilikuwa bwawa, wazee wa hapo walifukia mabomba chini ya ardhi kulikausha, sasa mabomba yamechoka na bwawa linataka kwao.

KitengelaFinest
Hii kitu tuliiona kwetu Kitengela. Kuanzia kama 2000 wenye mashamba walikuwa wanalipwa around dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasiweke fensi, ndio nyumbu na punda milia watoke Nairobi National Park wapite. Wazee wengi walilipia watoto school fees na hiyo pesa, si uongo. Lakini ilikuwa pesa ya wafadhili na mkataba wa muda mfupi, ploti zikapanda bei, sasa mtu anajiuliza achukue dola nne ama milioni? Leo ukienda huko ni mawe na mabati. Hiyo milele yenye inakutisha ndiyo inafanya kazi, lakini kwa sababu ni milele hakikisha bei ni ya milele pia.

Mzee_wa_Hati
Bongo ardhi yote ni mali ya umma Rais ndo mdhamini, hati yenyewe ikizidi sana miaka 99. Nyie mnapewa milele mnaikataa

DerevaWaUsiku
Kuna kitu mnamficha dada. Hiyo kodi ya Legacy mwisho wake 2034 wasipopiga kura tena. Je hela zikiisha na mkataba unakufa? HAUFI. Ikikatika kodi wewe bado umefungwa na magugu ya miiba unang'oa mwenyewe, muulize huyo kijana mbele ya mumeo.

Mama_Bukoba_Iowa
Dereva hapo kasema kweli lakini afadhali ninyi mna mfuko wenye hela. Huku Iowa watu walipiga kura 2010 wakaanzisha mfuko kama huo huo wa maliasili, umeandikwa mpaka kwenye katiba, na mpaka leo hauna hata senti, kwa sababu utajazwa siku bunge likipandisha kodi ya mauzo na bunge halijapandisha. Mfuko mtupu umekaa tu kama debe. Mimi nilichukua CRP, mpango wa serikali kuu wa kupumzisha shamba, ile unalipwa kila mwaka kwa mkataba wa miaka 10 mpaka 15, ukiisha unaamua upya. Hela ya mwaka ni ndogo lakini nalala. Kama roho inasita anza na hiyo.

Fundi_Nyasi
CRP nzuri ila kwa ardhi inayotota hivyo mi ningeenda RIM, kwa masharti. Usiingize ekari 40, ingiza bonde tu na uchore mpaka mwenyewe ukiwa umesimama pale shambani, mbakize kona ya kujenga na njia ya kufikia, maana ukishasahau njia ndo basi. Kama shamba lina mkopo, benki lazima iridhie, na hapo ndo wengi wanakwama miezi. Jirani ana mabomba yanayopitia kwako? Wakiyavunja maji yatarudi kwake na kesi itakuwa yako, hivyo injinia apime kwanza. Ni kweli magugu ya miiba ni jukumu lako na kodi ya ardhi unaendelea kulipa, ila hakuna mtu wa nje anayeruhusiwa kuingia, bado ni kwako. Kuhusu kodi ya mapato muone mhasibu, kwa kawaida hela ya izimenti inapunguzwa kwanza kwenye bei uliyonunulia hiyo ardhi, kinachozidi ndo faida. Na rasimu ya mkataba uisome KABLA, sio siku ya kusaini huku mumeo anatingisha mguu.

MamaNeema_MN
Nimewasoma wote asanteni sana. Juzi nimempigia kijana, kasema ekari 14 peke yake inawezekana na kona ya barabarani inabaki. La 2034 nimemuuliza, hakuzunguka, kasema mkataba unabaki hata mfuko ukifa. Mabomba ya jirani yapo, mawili, injinia atakuja ardhi ikiacha kuganda. Benki bado hawajajibu. Mpangaji amenuna ila ekari 14 hizo hizo ndo alikuwa anazililia. Shemeji Moshi hapokei simu. Mume wangu kati ya haya yote kauliza swali moja tu, hao bata anaruhusiwa kuwala?

Fundi_Nyasi
Anaruhusiwa, akate leseni ya jimbo ya kuwinda na stempu za bata, ile ya serikali kuu ni dola 25 na hela yake inaenda kununulia mabwawa mengine, toka 1934.

Ngosha_wa_Fargo
Kwa hiyo analipwa ili bata waje halafu analipa ili awale 😂😂 shem niuzie mabawa