Chanjo ya TB ya DNA imefika wapi, na inagusa jeni za mtu?

Mdau wa Kaptembwa
Habarini wadau. Kakangu mdogo amepatikana na TB ya mapafu hapa Nakuru, ameanzishiwa dawa za miezi sita. Sasa kitu kinanisumbua, sote tulidungwa BCG, ile chanjo ya TB, tukiwa watoto, mbona yeye ameshikwa? Halafu watu wanaongea kuhusu chanjo ya DNA, jirani anasema ukidungwa inabadilisha jeni zako. Mwenye anajua anieleze, na kama iko Kenya nijue.

Labu Kisumu
Pole sana. BCG ilianza kutumika 1921 na nguvu yake ni kwa watoto wadogo, inawakinga na TB ya ubongo na ile ya kusambaa mwili mzima. Kwa mapafu ya mtu mzima ndio iko chini.

Ya DNA, wanachukua jeni ya bakteria wa TB, mfano ya protini inaitwa Ag85A, wanaiweka kwa plasmidi, yaani kipete kidogo cha DNA, unadungwa kwa misuli halafu seli zako zenyewe zinaisoma na kutengeneza ile protini, kinga inaijua mapema. Mimi hii njia naipenda sana juu huyo bakteria hujificha ndani ya seli, antibodi, zile protini za kinga, hazimfikii vizuri, wenye wanamweza ni seli T, yaani seli za kinga, na hizo ndizo chanjo ya DNA inaamsha. Plasmidi haijaundwa ijipachike kwa kromosomu, yaani pale jeni zako ziko, inakaa kando baadaye inaisha, na watafiti hulichunguza hilo kwanza kabla ya kudunga watu.

Shida iko kwingine. Tangu miaka ya 90 panya wanakingwa vizuri, lakini kwa binadamu plasmidi chache sana ndio huingia kwa seli, kinga inatoka hafifu, ndio maana wanajaribu kuzisukuma ndani na umeme kidogo ama presha bila sindano. India waliruhusu chanjo ya DNA ya watu 2021, ZyCoV-D, lakini hiyo ni ya korona. Ya TB bado.

Nyar Kano
Na usichanganye na M72/AS01E, chanjo nyingine ya TB yenye inajaribiwa hapa Kenya, hiyo ni ya protini. Jaribio la Kenya, Zambia na Afrika Kusini lilionyesha inapunguza TB ya mapafu karibu nusu, kwa watu wazima walio na maambukizi tayari lakini hawaugui. Awamu ya tatu ilianza 2024. Mimi matumaini yangu yako hapo.

Mdau wa Kaptembwa
Asanteni sana, nimeelewa. Sasa sisi wa nyumba moja naye tungoje nini? Kuna mtoto wa miaka mitatu.

Labu Kisumu
Msingoje chanjo ndugu yangu. Huyo mtoto apelekwe kesho, hata kama hakohoi, wakipata hana ugonjwa atapewa dawa ya kuzuia, na hospitali za serikali matibabu ya TB ni bure. Nyinyi wengine pia mpimwe. Na kakako amalize dozi yote, wengi huacha mwezi wa pili wakisikia nafuu, hapo ndio TB sugu huanzia.