Kumbikumbi wa Jana Usiku na Mvua za Masika: Gumzo la Kikundi cha Ukoo

Ami Khamis (Mtambwe): Assalaam alaykum, ndugu zangu na wanangu. Jana baada ya Magharibi ilinyesha mvua ya robo saa hivi, kisha wakatoka kumbikumbi wengi hata taa ya barazani ikafifia, na leo asubuhi mjukuu wangu amezoa mbawa zao kwa beleshi. Bonde limekwisha kuburugwa na mbegu ya mpunga ninayo ndani. Nawauliza kwa dhati: hii si dalili kwamba masika yameingia, na kwamba nisie kesho?

Bi Mize (Wete): Waalaykumu ssalaam, Khamis. Marehemu baba alifurahi kila alipowaona kumbikumbi, lakini hakutia mbegu mpaka ahesabu miongo, yale makumi ya siku, tangu Nairuzi, mwaka mpya wetu wa Waswahili. Usiharakishe.

Salma (masomoni Marekani): Nakuamkieni nyote kwa heshima. Ami, swali lako ni lile lile wanaloulizana watu wa huku Pennsylvania kila tarehe 2 Februari. Katika mji wa Punxsutawney, tangu mwaka 1887, hutolewa kwenye kishimo mnyama wa jamii ya marmota, yaani kindi mkubwa aishiye ardhini, mnene kama paka aliyeshiba, waliyempa jina la Phil. Wakisema amekiona kivuli chake, basi baridi itaendelea kwa wiki sita. Asipokiona, majira ya kuchipua yatawahi. Desturi hiyo waliileta wahamiaji kutoka Ujerumani, ambako ilihusishwa na mnyama mwingine achimbaye mashimo. Idara ya hali ya hewa ya Marekani imelinganisha utabiri wake na hali halisi ya miaka ya karibuni, ikaona kwamba hupata kama mara nne tu katika kumi, maana yake mtu akirusha sarafu atapata zaidi.

Ami Khamis: Huyo ametolewa shimoni na watu, mwanangu. Kumbikumbi wangu wametoka wenyewe.

Salma: Ni kweli, Ami, na hapo ndipo pa kuangalia. Marmota wa mwituni naye hutoka mwenyewe. Wakati wa baridi hulala usingizi mzito mno, moyo wake unaopiga mara 80 hivi kwa dakika ukashuka hata kufikia mara 5. Watafiti wa jimbo hili waliwafuatilia wakaona kwamba madume huamka mwezi wa Februari, wakapita kwenye mashimo ya majike, kisha wakarudi kulala mpaka Machi, wakati wa kupandana. Hiyo ni saa iliyomo mwilini mwake, inayompa mwezi wa mwaka. Kama theluji itayeyuka mapema au itachelewa, haimwambii.

Mjomba Bakari (Kojani): Mimi ni mvuvi, na siwezi kukubali kwamba wanyama hawajui kitu. Tumewaona ndege wa pwani wakiliacha fungu la mchanga mchana mweupe, na kabla ya alasiri dhoruba ikatufika.

Salma: Mjomba, hilo silikatai hata kidogo, na lina ushahidi. Mwezi wa Aprili mwaka 2014, katika jimbo la Tennessee, kulikuwa na ndege wadogo wenye uzito wa gramu 9 hivi, waliofungwa vifaa vya kufuatilia safari zao. Waliondoka zaidi ya siku nzima kabla ya tufani kubwa kufika, wakarudi ilipopita. Watafiti wanaona huenda walisikia mngurumo wa chini sana ambao sikio la binadamu haliusikii. Lakini tufani ile ilikuwa imekwisha kuzaliwa, iko njiani. Ndege aliihisi kwa sababu ipo. Mvua ya wiki tatu zijazo haina mngurumo, haina unyevu wala harufu, kwa hiyo mnyama hana cha kuhisi.

Bi Mize: Na mbayuwayu? Hapa Wete sasa wamejipanga kwenye nyaya za umeme, na kila mwaka wakiondoka hao mvua haiwi mbali.

Salma: Bibi, hao wanarudi Ulaya kuzaa. Kinachowaongoza zaidi ni saa iliyomo mwilini na urefu wa mchana, na mambo hayo hayabadiliki hata mwaka ukiwa wa ukame. Kuna ndege wengine, hula viwavi, ambao hukaa Afrika Magharibi na kwenda kuzaa Uholanzi. Kule joto limeongezeka, viwavi sasa huwahi, nao ndege hufika karamu imekwisha. Katika misitu ambako viwavi waliwahi zaidi, ndege hao walipungua kwa kiasi cha asilimia 90 ndani ya miaka 20. Lau wangelijua majira mapema, wasingelichelewa.

Ami Khamis: Maneno yako yananigusa, kwa sababu mwaka jana nilisia siku ya pili baada ya kumbikumbi. Mpunga ulichipua vizuri, kijani kibichi, kisha jua likawaka siku kumi na nne mfululizo. Niliung'oa mche mmoja nikaona mzizi umejikunja kama uzi uliopitiwa na moto. Nilikopa mbegu kwa jirani nikaanza upya, na deni lile nimelimaliza majuzi tu.

Salma: Pole sana, Ami. Kumbikumbi hawakukudanganya, walikueleza habari ya usiku ule. Hutoka ardhi ikilowa na hewa ikiwa na unyevu, vichuguu vingi kwa wakati mmoja, ili dume na jike wa vichuguu tofauti wakutane, na udongo uwe laini wa kuchimba. Robo saa ya mvua inawatosha wao. Mpunga haiutoshi.

Mjomba Bakari: Na kaskazi bado inavuma, Khamis. Jana tumerudi nayo mpaka bandarini. Masika ya kweli huja kaskazi ikilegea, siku mbili tatu bahari ikatulia kama mafuta, kabla ya kusi kushika. Tena Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa masika kabla ya msimu kuanza. Mwambie kijana mmoja akusomee sehemu inayohusu Unguja na Pemba.

Ami Khamis: Nimetoka bondeni sasa hivi. Nimechimba kwa jembe mahali patatu: juu udongo umelowa kwa kina cha pingili mbili za kidole, chini yake ni vumbi kavu linalopeperuka. Mbegu nimezirudisha kwenye pipa na nimelifunika. Bakari, kaskazi ikilala nipigie simu, hata ikiwa ni usiku wa manane.