Doa la manjano kwenye kava la kochi limegeuka jekundu

Mwenye Kochi, Tanga
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Jumapili tulikuwa na wageni, na bakuli la mchuzi wa samaki uliokolezwa manjano likamwagika kwenye kochi ambalo kava lake ni la pamba, rangi ya maziwa. Nililivua usiku uleule nikalifikicha kwa sabuni ya mche na maji ya moto, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, kwa sababu doa lililokuwa la njano liligeuka jekundu. Je, nimekiunguza kitambaa, au rangi hii bado inaweza kutoka? Kava hili alinishonea marehemu mama yangu.

Fundi wa Makochi
Wa aleikum salaam, dada. Hujakiunguza. Manjano hugeuka mekundu yanapokutana na kitu chenye ukali wa magadi, na sabuni ya mche ina ukali huo. Ukidondoshea siki au maji ya ndimu utaona rangi ya njano ikirudi papo hapo, ingawa doa litakuwa bado lipo. Tabu yenyewe ni kwamba rangi ya manjano haiyeyuki vizuri katika maji, bali huyeyuka katika mafuta, na mchuzi wako ulikuwa na mafuta. Basi anza na mafuta. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, iache dakika 15 hivi, kisha pitisha maji ya vuguvugu kutokea upande wa ndani wa kava ili uchafu utoke ulikoingilia, na urudie mpaka utelezi uishe. Maji ya moto uachane nayo, kwani pamba hunywea, na kava likinywea hata sentimita 2 zipu haifungi tena. Nimeletewa makava mengi ya namna hiyo.

Shangazi wa Likoni
Mwanangu, ukishaondoa mafuta, lianike likiwa bado bichi, doa lielekee juani. Mwanga wa jua huivunja rangi ya manjano, nami nimeona doa la biriani kwenye kitambaa cheupe likififia hivyo. Kava lingekuwa la buluu au jekundu nisingekushauri, maana jua lingepausha na rangi yake.

Msomaji wa Morogoro
Naomba niongeze tahadhari moja. Ukitumia siki, usije ukatia jiki juu yake, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu. Vilevile likague sponji: kama mchuzi ulipenya, likandamize kwa kitambaa chenye unyevu kidogo bila kulilowesha, kisha lisimamishe penye upepo mpaka likauke kabisa, la sivyo litaota ukungu ndani.

Mwenye Kochi, Tanga
Nawashukuru sana. Nimelifua mara mbili kwa sabuni ya vyombo na kulianika siku tatu; wekundu umekwisha, na kilichobaki ni kivuli cha njano karibu na mshono, ambacho nitakianika tena kesho. Sponji nalo limekauka.