Mkanda wa saa ukibadilishwa, bado ni saa ileile? Watu wa Nyanda za Juu naomba hoja

Mwana wa Iyunga
Wakuu, habari za jioni. Mzee wetu alikuwa mtu wa reli, TAZARA. Alipostaafu aliniachia Seiko 5 yake ya zamani, ya cheni ya chuma, haina betri, inajijaza yenyewe ukitembeza mkono. Nimeivaa na cheni yake hadi majuzi pini ilipokatika. Nikapita Mwanjelwa hapa Mbeya, nikawekewa mkanda wa ngozi ya kahawia.

Sasa hii saa siielewi. Imekuwa nyepesi, nasahau kama nimevaa. Zamani nikiandika ofisini cheni inagonga meza, ka-ka-ka, sasa kimya. Kioo kilekile, mishale ileile, lakini naiona ndogo na ya kizee, kizee kizuri lakini. Mdogo wangu kaiona kaja juu: nimeiharibu saa ya mzee, nirudishe cheni au nimpe yeye. Swali: mkanda ni sehemu ya saa, au ni nguo tu ambayo mwenye saa anavua na kuvaa? Tena kwenye mali ya urithi?

(Kabla ya hapo nilikuwa Iringa kikazi, nikatafuta fundi saa, nikakuta wote wamegeuka mafundi simu.)

Mnyalu Kindakindaki
Kamwene. Nimesoma vizuri mpaka nilipofika kwenye mabano. “Wote.” Ulizunguka wapi, mkuu, au ulishuka Ipogolo ukamuuliza konda? Miyomboni kuna wazee wana vimeza vyao vya kioo, jicho moja limebana lenzi, wanafungua saa ambazo huko Mwanjelwa mnauziana kwa fungu kama nyanya. Ukitaka kuongelea mkanda, ongelea mkanda. Iringa iache.

Kabwe Hakulali
Hahaha, mtu kachomwa. Kaulizwa mkanda anatetea Manispaa. Iringa ukipeleka saa unaambiwa uje Jumatatu. Jumatatu ukienda, fundi yuko msibani Kilolo.

Mnyalu Kindakindaki
Kwenda msibani ni utu. Fundi wa Mbeya yeye hafiwi?

Kabwe Hakulali
Anafiwa, ila anaacha kijana dukani.

Fundi wa Njia Panda
Mimi natengeneza saa Makambako, kwa hiyo sina timu hapo. Nimjibu mleta mada.

Cheni ya chuma inaweza kuwa na uzito sawa na saa yenyewe, nyingine zinazidi. Ukivaa cheni, uzito umegawanyika mkono mzima, chini na juu, ndiyo maana saa inatulia. Ukiweka ngozi, chini panabaki pepesi, uzito wote uko juu. Kwa Seiko ndogo za zamani hakuna shida, kichwa chake si kizito. Ila fanya hivyo kwenye saa nene za wazamiaji uone, itakuwa inapinduka pembeni kutwa nzima, na wewe kazi yako ni kuirudisha.

Jambo lingine. Pale mkanda unaposhikia, Seiko hizo nyingi ni milimita 18 au 19. Kama yako ni 19 na wamekuwekea mkanda wa 18, utaona kamwanya pembeni na saa itakuwa inacheza. Chukua rula upime. Na kama ni pini tu iliyokatika, mbona hiyo ni kazi ya dakika chache na hela ya chai? Aliyekuambia ununue mkanda alikuwa anauza mikanda.

Kabwe Hakulali
Fundi naye kaanza kupiga vijembe Mwanjelwa. Tumezungukwa.

Baba Gift, Uyole
Mimi cheni niliitoa sababu ya baridi tu. Juni huku Uyole, ukiivaa alfajiri unasikia mpaka kwenye kiwiko. Cheni ina baridi kuliko maji ya bomba. Nikaweka ngozi, nikapata amani.

Mwalimu wa Zamu
Ndugu, cheni haikuwa na baridi kuliko ngozi. Zote zimelala mezani usiku kucha, joto lao ni moja. Tofauti ni kwamba chuma kinapitisha joto haraka, kinakunyonya joto la mkono mara tu ukikigusa. Ngozi inanyonya polepole. Unachosikia ni kasi ya joto linalokutoka. Fizikia ya sekondari hiyo.

Baba Gift, Uyole
Mwalimu, saa kumi na moja alfajiri naenda kukamua ng'ombe, nani kamnyonya nani hainihusu. Nasikia baridi.

Mwalimu wa Zamu
Basi sema “nasikia baridi”, usiseme “cheni ina baridi”.

Baba Gift, Uyole
Watoto wetu mnawafundisha hivi hivi?

Binti Makete
Nacheka peke yangu. Eti Uyole kuna baridi! Njooni Kitulo mwezi wa saba, juu kule zaidi ya mita 2,500, mkute majani yamekuwa meupe kwa barafu ndipo tuongee. Huku saa tunavaa juu ya koti. Kwa hiyo mkanda wa ngozi wa kawaida haufiki, na cheni inabidi uongeze pingili, halafu ukivua koti mchana saa inaning'inia hadi kwenye vidole. Dawa ni mkanda wa kitambaa, ule mrefu unaopita chini ya saa, matundu mengi. Asubuhi tundu la mwisho, mchana unarudi tundu la kati. Kaka yangu tangu aweke huo hajarudi kwenye cheni.

Kabwe Hakulali
Huo unaitwa NATO. Walikuwa wanavaa Wamarekani Vietnam, nimeona kwenye filamu.

Fundi wa Njia Panda
Umechanganya. Wamarekani walikuwa na mikanda yao ya nailoni. Huu anaousema dada ni wa Waingereza: Wizara yao ya Ulinzi iliutolea maelezo rasmi mwaka 1973, rangi ya kijivu, upana milimita 20. Jina lake la zamani ni G10, kwa sababu askari aliupata kwa kujaza fomu ya G1098. Umekuwa kipande kimoja kwa makusudi: pini moja ikikatika, saa inabaki imeshikwa na ile nyingine. Mzee angekuwa na huo, mleta mada usingekuwa hapa.

Mbao Mafinga
Naongeza hapo. Huo usiokatika ndio mbaya kiwandani. Msimamizi wetu hataki kuona saa wala pete karibu na msumeno wa duara. Mkanda wa ngozi mbovu mbovu ukinaswa unaweza kukatika ukapona. Nailoni ya jeshi inavuta na mkono. Mimi saa yangu inakaa mfuko wa shati tangu asubuhi hadi tunapozima mashine. Sasa niambieni, mkanda una faida gani kwangu?

Mnyalu Kindakindaki
Mnaona hoja hizo? Mkoa wa Iringa huo unaongea.

Kabwe Hakulali
Mafinga wakitaka jambo wanakwenda zao Makambako. Usiwabebe.

Mbao Mafinga
Mimi kwetu Mbozi.

Sista wa Tukuyu
Mnaongea kama saa ni ya wanaume tu. Wodini ngozi haifai. Mkono unaoshwa kila baada ya mgonjwa, ngozi huwezi kuiosha hivyo, inanyonya jasho na vingine nisivyotaka kuvitaja wakati watu wanakula. Nilihamia mpira. Mpira unaoshwa vizuri, lakini joto likipanda jasho halina pa kutokea, mkono ukatoka vipele. Mwisho nikaiacha mikanda yote. Nina saa ya kubandika kifuani, imening'inia kichwa chini, nikiinamisha macho naisoma sawa huku vidole viko kwenye mshipa wa mgonjwa nahesabu mapigo. Mwezi wa kwanza nilikuwa naangalia mkono mtupu kama mtu aliyeibiwa.

Mwalimu wa Zamu
Sista, vipele si lazima iwe mpira. Wengine wanadhurika na nikeli iliyomo kwenye vifungo vya chuma. Vipele vilikaa pale kwenye kifungo tu au mkono mzima?

Kabwe Hakulali
Dada zetu bwana, kwenu saa ni bangili. Mnavaa hata kama imekufa, ilimradi inang'aa.

Sista wa Tukuyu
Kaka Kabwe, hiyo ya mkononi unayojivunia tulianza sisi. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, wanaume wa Ulaya walibeba saa mfukoni na mnyororo, ya mkononi waliicheka, pambo la wake zao. Vita ilipopamba moto wakaona mwanajeshi hawezi kushika bunduki huku anachomoa saa mfukoni. Ndipo wakaja kwetu kimya kimya, wakaita ya kwao. Kwa hiyo ulichovaa umeazima. Kitunze.

Binti Makete
🔥🔥 Sista kamalizana naye.

Kabwe Hakulali
Sijaazima kitu. Nimevaa Casio ya plastiki, nimenunua kwa hela yangu Soko la Sido.

Baba Gift, Uyole
F-91W? Mkanda umeshakatika au bado?

Kabwe Hakulali
Umekatika, nimefunga na uzi wa kushonea viatu. Mnacheka nini? Saa ipo 1989 mpaka leo wanaitengeneza.

Fundi wa Njia Panda
Hiyo ndiyo kesi ngumu kuliko ya Seiko ya mzee. Kasio hiyo ina gramu 21 tu na mkanda wake, na betri yake kampuni yenyewe inakadiria miaka 7. Mkanda unakatika pale kwenye kona, saa bado nzima kabisa. Ukija kwangu, mkanda wake halisi bei inakaribia saa mpya. Watu wengi wanatupa saa nzima sababu ya mkanda. Mimi nina boksi zima la vichwa vya Kasio vinavyotembea na havina pa kukaa. Hapo atakayesema mkanda si sehemu ya saa aje anieleze boksi langu.

Dada Mdogo
Shikamoo kaka. Nimetumiwa huu mjadala na shemeji. Mimi ndiye “mdogo wangu kaja juu”.

Kwa kuwa umeleta ya nyumbani huku, maliza basi. Ile pini haikukatika yenyewe. Ulivaa saa unaosha gari, unasugua na brashi, nikakwambia vua. Pili, kioo unachosema “kilekile” mzee alishabadilisha, na ule mfuniko wa nyuma fundi alishauparua ukang'aa. Cheni ndiyo kitu pekee ambacho hakuna aliyekigusa. Zile pingili alipunguza mwenyewe kwa msumari na nyundo ndogo sebuleni, tukiwa tumekaa, na kifungo kimechakaa upande mmoja kwa sababu alikuwa anaegemeza mkono dirishani kwenye treni. Ukiniuliza mzee yuko wapi kwenye hiyo saa, yuko kwenye cheni. Kichwa baki nacho.

Mwana wa Iyunga
Marahaba. Kwanza sikuwa nasugua, nilikuwa namwaga maji tu. Brashi alishika mtoto wako.

Dada Mdogo
Mtoto wangu ana miaka sita, kaka. Gari la nani?

Mwana wa Iyunga
Gari nililowapeleka nalo hospitali Meta usiku ule, hilo hilo.

Mwalimu wa Zamu
Ndugu zangu, hayo yamalizieni nyumbani.

Mnyalu Kindakindaki
Dada, lete hiyo cheni Iringa. Pini za Seiko zipo Miyomboni, nakupeleka mwenyewe kwa mzee mmoja, unakaa kwenye benchi anaiweka unaondoka nayo. Bure, mradi mleta mada afute mabano yake.

Kabwe Hakulali
Auze undugu kwa ajili ya mabano ya mtu? Afute nini, hakuna kufuta.

Baba Gift, Uyole
Mimi nauliza kitu kingine. Hivi mtu akiwa na cheni bila kichwa anaivaaje? Kama dada atapewa cheni na kaka abaki na kichwa, wote wawili hawana saa.

Binti Makete
Ataivaa kama bangili. Si Kabwe alishasema.

Dada Mdogo
Nitanunua kichwa. Fundi ana boksi zima.

Fundi wa Njia Panda
Yangu ni ya Kasio, mama, haitaingia. Miisho ya cheni ya Seiko imepindwa kufuata mwili wa saa yake, ukiipeleka kwenye saa nyingine inaacha mapengo au haikai kabisa. Upate Seiko ya umbo lile lile. Zinapatikana, ila uwe na subira, na uje na cheni mkononi, usije na picha.

Mgeni Vwawa
Samahani naingia katikati, sijasoma zote. Nina saa ya kujaza kwa ufunguo. Nimeiwekea ule mkanda wa wavu wa chuma unaonata kwa sumaku, umenoga kweli, hauna tundu, unavuta tu unashika. Ila tangu niuweke saa inakimbia, kila siku inatangulia. Mkanda unaweza kufanya hivyo au fundi wangu aliniibia kifaa?

Fundi wa Njia Panda
Hujaibiwa. Ndani kuna springi nyembamba kama unywele, imejizungusha. Ikishika sumaku mizunguko yake inanatana, inakuwa kama imefupishwa, saa inakwenda mbio. Kuna kifaa cha kutoa sumaku, dakika moja, si lazima hata kuifungua. Lakini ukirudisha mkanda ule ule utarudi tena kwangu.

Mgeni Vwawa
Na nikiuhamishia kwenye saa ya betri ya mke wangu?

Fundi wa Njia Panda
Ya mishale? Sumaku kali ikiwa karibu inaweza kusimama au kuchelewa, ukiondoa inaendelea, unaweka tu majira upya. Ya namba haina neno. Huo mkanda mpe Kabwe.

Kabwe Hakulali
Upana milimita ngapi?