Kisima changu kiko chini ya dampo la zamani, nichimbe zaidi au nikifunge?

Mzee wa Bondeni
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, kichwa kinaniuma.

Nina kisima nyumbani, Dar es Salaam, mtaa sitautaja. Mita 28. Tuko bondeni: juu yetu kuna dampo lililofungwa kitambo, ng'ambo ya barabara kuna mabwawa ya majitaka. Chumvi kidogo ilikuwepo tangu mwanzo kama visima vingi vya huku, tukazoea. Ila tangu masika haya, maji yakitoka bombani ni meupe pe, ukiyaacha kwenye ndoo hadi jioni yanageuka rangi ya chai ya rangi, na juu utando kama wa mafuta. Mashati ya shule ya watoto yana madoa ya kutu. Na kuna kaharufu.

Majirani wanachota kwangu, ndoo shilingi mia. Mmoja ana kichanga cha miezi miwili, anamkorogea maziwa ya kopo kwa maji haya. Fundi aliyechimba anataka tushuke hadi mita 60. Shemeji anasema nitie klorini yaishe. Nifuate lipi?

Fundi Mwenzio
Mkuu, hela usitoe bado. Muulize huyo fundi: alipochimba, alimimina saruji kuzunguka bomba la juu? Wengi hatumimini, tunajaza kokoto na udongo tunaondoka. Maji machafu ya juu yanateleza pembeni ya bomba hadi chini. Sehemu nyingi za Dar kuna mchanga juu, kisha mfinyanzi, kisha mchanga mwingine wenye maji. Ukitoboa ule mfinyanzi bila kuziba vizuri, unaharibu na ya chini.

Dada Maabara
Shikamoo mzee. Kwanza kichanga: leo hii mama yake aache hayo maji, hata ya kuchemsha. Majitaka na vyoo huleta naitreti, kemikali inayoyeyuka majini usiione kwa macho. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini naitreti inabaki, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Klorini nayo haiiondoi. Naitreti ikizidi, damu ya mtoto inashindwa kubeba oksijeni, anabadilika rangi midomoni. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita.

Rangi ya chai ni chuma. Chini ya dampo hewa haipo, chuma cha kwenye udongo kinayeyuka, kikikutana na hewa ndooni kinakuwa kutu. Chuma huwa kipo hata pasipo na dampo, kwa hiyo pima: naitreti, amonia, kloridi, chuma, na vijidudu vya kinyesi. Hivyo vya mwisho havitakiwi hata kimoja katika mililita 100. Chupa chukua maabara, usitumie ya soda. Sukuma pampu dakika kadhaa kabla ya kukinga, weka kwenye barafu, ifike siku hiyo hiyo.

Utando uguse na kijiti. Ukivunjika vipande kama kioo, ni bakteria wa chuma. Ukijirudi na kuungana, ni mafuta kweli.

Mtoto wa Tabata
Dampo la kwetu wakazi walilipeleka mahakamani mwaka 1988, likafungwa 1991, taka zikahamia Vingunguti. Mzee, usijidanganye kwamba likifungwa ndiyo basi. Mvua inazama kwenye taka miaka na miaka na kuchuruzika kuja huko kwenu bondeni. Halafu hiyo mia ya ndoo, samahani, unaipokeaje?

Mzee wa Bondeni
Marahaba binti, na wewe wa Tabata umenishika pabaya. Nimeacha kupokea. Nimeandika kwa rangi nyekundu ukutani: YA KUFULIA NA KUDEKI TU. Mama wa kichanga nimempa dumu mbili za maji ya bomba, kesho mwanangu atamletea nyingine. Utando umevunjika vipande vipande. Chupa naifuata Jumatatu. Fundi nimemuuliza habari za saruji, ameona ujumbe, kimya.

Fundi Mwenzio
Hakumimina huyo.