Mrejesho: Vayolini za kompyuta sasa zinapumua

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini vayolini za sampuli (sauti za vayolini halisi zilizorekodiwa, ninazozipiga kwa kompyuta) kwenye wimbo wa kwaya yetu hapa Jinja zinalia kama kinanda cha kanisani. Asanteni sana mlionijibu.

Nilikuwa nabonyeza akodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwenye traki moja. Nimezitenganisha: vayolini ya kwanza, ya pili, viola, chelo na besi, kila moja na mstari wake.

Gurudumu la modulesheni la kibodi, yaani CC1, ambalo kwenye vayolini hizi hukuza na kupunguza nguvu ya sauti, ndilo lililonisumbua. Mlisema nilisogeze muda wote, lakini sikujua kwa kiasi gani, mpaka nilipokaa na mzee jirani anayepiga endingidi, ala ya asili ya Uganda inayopigwa kwa upinde. Ina uzi mmoja tu! Nikautazama upinde: sauti inaanza nyembamba, inanenepa katikati, inakonda upinde ukikaribia kugeuka. Nikarudi nikachora CC1 vilevile, noti kwa noti. Nilipoisikiliza, mwili ulinisisimka.

Noti za legato, yaani zinazoungana bila kukatika, zilichelewa, nimezifanya zianze mapema kwa milisekunde 80, zikakaa na ngoma. Mwangwi nimeupunguza.

Kilichobaki ni zile noti za haraka za vayolini ya pili, bado zinateleza. Leo usiku nazijaribu kwa sampuli za stakato, yaani noti fupi zinazokatika.