Upinde wa kwanza: ratili 40 si nyingi kwa anayeanza?

Fundi wa Umoja
Habari zenu. Mimi ni fundi wa mawe, naishi Umoja. Tangu nimwone Shehzana Anwar, mlenga upinde wetu, akibeba bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Rio 2016, hamu ya kujifunza kulenga shabaha kwa upinde haijanitoka. Marehemu babu yangu wa Mwingi alikuwa na uta aliouchonga mwenyewe, lakini sisi watoto hatukuruhusiwa kuugusa.

Sasa nimejiwekea Sh30,000, nataka upinde wa rikavu, ule wenye ncha zilizopinda kwenda mbele. Muuzaji mmoja mtandaoni ananiambia mwanamume wa umbo langu achukue wa ratili 40, yaani nguvu ya kuuvuta, asije akanunua mara mbili. Mfuko wa saruji wa kilo 50 naubeba hadi ghorofa ya tatu. Nichukue?

Mama Podo
Usichukue, ndugu yangu, nakusihi. Mimi nilianza na ratili 38 kwa ushauri kama huohuo. Kufika mwezi wa tatu bega la kulia lilikuwa haliwezi hata kuanika nguo, na nikakaa miezi mitano bila kugusa upinde.

Mfuko unaubeba kwa mgongo na miguu, halafu unautua. Upinde unauvuta kwa misuli iliyo katikati ya mabega, unatulia hivyohivyo ukilenga, unaachilia, unaanza tena. Kwenye Olimpiki, kabla hata hujakutanishwa na mpinzani, unapiga mishale 72 kwa umbali wa mita 70. Ukizidiwa na upinde utaanza kuinua bega, kupinda shingo, kuachilia kabla hujalenga. Tabia hizo zikishaingia mwilini, kuzitoa ni kazi kubwa. Anza na ratili 20 hadi 24.

Hiyo hofu ya kununua mara mbili ina dawa. Chukua upinde unaofunguka vipande vitatu: mpini katikati, fito moja juu na moja chini. Ukipata nguvu unabadilisha fito tu. Uliza kama mpini unapokea fito za ILF, aina moja ya kiungo cha fito na mpini, maana hizo zinatengenezwa na kampuni nyingi na zinaingiliana.

Kabla ya kulipa, nyoosha mikono pande zote mbili, mtu akupime kwa sentimita toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ugawanye kwa 2.5. Huo ndio urefu wako wa kuvuta. Kisha kutanisha viganja uache tundu dogo, tazama kitu cha mbali kwa macho yote mawili, halafu fumba jicho moja moja. Linaloendelea kukiona ndilo linalotawala. Tuletee majibu.

Mshale wa Ngong Road
Naongeza moja: ukishaupata, usiuvute na kuachilia bila mshale, hata kwa kuonyesha watoto. Nguvu iliyopaswa kwenda na mshale hurudi kwenye fito, na zinaweza kupasuka.

Fundi wa Umoja
Asante, mama. Mke wangu amenipima: sentimita 188. Kwa hiyo 75.2, kama inchi 29 na nusu. Ila jicho ni la kushoto, nami ni mtu wa mkono wa kulia. Nimerudia mara nne.

Mama Podo
Afadhali umejua kabla ya kutuma hela. Mimi ningechukua upinde wa kushoto: unaushika kwa mkono wa kulia, unavuta kwa kushoto. Siku za kwanza utauona mkono mzito, lakini hata huo wa kulia haujawahi kuvuta upinde, kwa hiyo huna cha kusahau. Fito hazina kulia wala kushoto. Mpini ndio wenye kulia na kushoto, na ukikosea hapo hakuna marekebisho.

Kwa mikono yako tafuta upinde wenye urefu wa inchi 70. Na ratili zinazoandikwa kwenye fito hupimwa kwa mvuto wa inchi 28. Kila inchi unayozidisha huongeza kama ratili 2, kwa hiyo iliyoandikwa 24 kwako itakuwa 27. Chukua iliyoandikwa 20. Mishale iache kwanza, utaipima ukishapata upinde.

Jumamosi njoo tunapofanyia mazoezi, nitakutumia mahali kwa ujumbe. Mwenzetu ana mpini wa kushoto, mimi nina fito za ratili 18. Ujaribu.

Fundi wa Umoja
Nitakuja nikitoka kazini saa saba. Nije na nini?

Mama Podo
Shati la mikono inayobana. La mikono mipana hunaswa na upote, ile kamba ya upinde.